Kishikwambi kipya Delta ya Rufiji: Bei si hoja, hoja ni chaji

KILA kampuni kubwa ya vifaa vya mawasiliano inapozindua kishikwambi kipya, mjadala huwa uleule katika maduka ya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kama ulivyo katika ofisi za katikati ya Jiji la Dar es Salaam: je, kinastahili kununuliwa? Hoja zinazotawala ni ung'avu wa kioo, kasi ya kufungua programu, ubora wa kamera na hatimaye bei. Hizo ni hoja za mtu ambaye umeme uko ukutani, intaneti iko hewani na fundi yuko mtaa wa pili.

Swali hilohilo likipelekwa Wilaya ya Kibiti, kiasi cha kilometa 140 kusini mwa Dar es Salaam, kisha likapandishwa mtumbwini kuelekea visiwa vya Delta ya Rufiji, hubadilika kabisa. Huko kamera na wembamba wa kifaa si jambo la kwanza. Jambo la kwanza ni kama kifaa hicho kitakuwa kinawaka wiki mbili baada ya kufika.

Mjadala huo unamhusu pia mkazi wa mjini. Kwanza, vifaa vya shule za umma hununuliwa kwa kodi yake. Pili, wakazi wengi wa Mbagala na Temeke wana asili ya Rufiji na Kibiti, na ndio wanaopokea maombi ya ndugu zao wanaotaka kijana wao aliye masomoni anunuliwe kishikwambi. Kabla ya kutoa fedha hizo, ni vema kutazama ushahidi uliopo, ambao kwa bahati njema sehemu yake kubwa ulipatikana hapahapa Tanzania.

Kutoka sensa hadi darasani

Neno kishikwambi lilizoeleka kwa Watanzania wengi wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23, 2022. Ilikuwa sensa ya sita tangu Muungano, na ya kwanza ambayo makarani walijaza majibu katika kompyuta ndogo za bapa badala ya madodoso ya karatasi. Sensa hiyo ilihesabu watu 61,741,120, na makarani walifika katika vitongoji ambavyo gari haliwezi kufika, vikiwamo vya Delta.

Baada ya kazi hiyo Serikali iliamua vifaa hivyo vihamie sekta ya elimu. Mwishoni mwa mwaka 2022 ulianza ugawaji uliohusisha zaidi ya vishikwambi 290,000 kwa walimu wa shule za umma nchini. Lengo lilikuwa kumwezesha mwalimu kupata vitabu na miongozo ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kufuatilia mafunzo kazini na kuandaa masomo bila kusubiri shehena ya vitabu kutoka makao makuu ya wilaya.

Uamuzi huo ulikuwa na mantiki, kwani kifaa kilichokwisha kununuliwa kwa kazi moja kikaongezewa kazi ya pili kina thamani kuliko kifaa kinachofungiwa ghalani. Lakini sensa na ufundishaji ni kazi mbili tofauti. Karani alihitaji kifaa kwa siku chache, akiwa na betri ya akiba na msimamizi wa kumsaidia, ilhali mwalimu wa kisiwani anakihitaji kila siku kwa miaka, na mara nyingi yuko peke yake.

Maji, matope na chumvi

Mto Rufiji hugawanyika katika mikono kadhaa kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Kati ya mikono hiyo kuna visiwa vya matope na misitu ya mikoko inayokadiriwa kufikia hekta 53,000, ambayo ndiyo kubwa kuliko yote iliyoshikamana katika pwani ya Afrika Mashariki. Tangu mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Katika kata kama Salale, Mbuchi, Msala, Maparoni na Kiongoroni, maji ndiyo barabara. Safari hupangwa kwa kufuata maji kujaa na kupwa, na chombo kilichochelewa hukwama kwenye tope hadi maji yarudi. Nyamisati, bandari ambayo wasafiri wa Mafia hupandia vyombo, ni mahali ambapo barabara ya gari huishia na safari nyingine huanza.

Mazingira hayo yana uzito katika mjadala wa kishikwambi. Hewa ya chumvi na unyevu hula tundu la chaji. Kioo kikipasuka, nauli ya kukipeleka kwa fundi Kibiti mjini au Mbagala, pamoja na siku zinazopotea njiani, huweza kukaribia thamani ya matengenezo yenyewe. Mafuriko nayo si jambo geni. Aprili 2024 maji ya Rufiji yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na familia nyingi zikalazimika kuhama.

Kwa upande mwingine, mazingira hayohayo ndiyo yanayokipa kishikwambi hoja yake yenye nguvu kuliko zote. Makasha ya vitabu ni mzigo mzito kwa mtumbwi, na kitabu kilicholowa hakisomeki tena. Kifaa chenye uzito usiofika kilo moja huweza kubeba vitabu vyote vya kiada vya shule ya msingi, na wakati wa mafuriko mtu huweza kukipakata kifuani akahama nacho.

Somo la Tanga

Ushahidi ulio karibu zaidi unatoka Mkoa wa Tanga. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170 vya mkoa huo, kwa ushirikiano na Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Wabunifu watano walioingia fainali walitakiwa kutengeneza programu ambazo zingemwezesha mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili bila mwalimu darasani.

Kwa mujibu wa waandaaji, asilimia 74 ya watoto hao walielezwa kuwa hawajawahi kuhudhuria shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 kiwango hicho cha wasioweza kusoma kilipungua kwa nusu. Mei 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana zawadi kuu ya dola milioni 10 za Marekani. Programu za wote watano ziliwekwa wazi ili mtu yeyote azitumie bila malipo.

Jambo la kuzingatia ni aina ya kifaa kilichotumika. Kilikuwa Pixel C cha Google, kilichoingia sokoni mwaka 2015 na ambacho kampuni hiyo iliacha kukiuza Desemba 2017, wakati majaribio ya Tanga ndiyo kwanza yanaanza. Kwa lugha ya madukani, kilikuwa kimepitwa na wakati. Watoto hawakulitambua hilo, kwa kuwa kilikuwa na masomo ndani yake, kwa lugha yao, na masomo hayo hayakuhitaji intaneti.

Usione vyaelea, vimeundwa. Vijiji hivyo viliwekewa vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua, na akina mama wa kijiji walikabidhiwa jukumu la kusimamia vifaa. Vyote hivyo viligharimiwa na wafadhili. Aidha, kupungua kwa nusu kuna maana kwamba nusu nyingine hawakufikia hata neno moja. Tanga haikuthibitisha kwamba kishikwambi chatosha badala ya mwalimu. Ilithibitisha kwamba kikiandaliwa ipasavyo kinaweza kumfikia mtoto ambaye hana mwalimu.

Waliojikwaa

Kinyume cha Tanga kinaonekana nchini Kenya. Mwaka 2013 Serikali mpya ya Rais Uhuru Kenyatta iliingia madarakani na ahadi ya kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ilicheleweshwa na mashauri, mpango ukabadilishwa kutoka kompyuta mpakato kuwa vishikwambi, na ugawaji ukaanza mwaka 2016. Zaidi ya vifaa milioni moja vilifika shuleni. Hata hivyo, katika shule nyingi viliishia makabatini. Baadhi ya walimu hawakupata mafunzo ya kutosha, shule nyingine zilihofia wizi, na nyingine zilipata vifaa kabla ya ratiba ya masomo kuwa na nafasi yavyo.

Peru ilikwenda mbali zaidi. Nchi hiyo ilisambaza zaidi ya kompyuta ndogo 850,000 chini ya mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto. Utafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika uliotolewa mwaka 2012 haukuona ushahidi wowote kwamba watoto waliopewa waliwazidi wenzao katika hesabu na lugha.

India nayo ilijaribu kushinda kwa bei. Oktoba 2011 ilizindua kishikwambi cha Aakash, kilichotangazwa kumfikia mwanafunzi kwa dola 35. Dunia ilishangilia bei hiyo, lakini watumiaji wa awali walikuta kioo kizito kuitikia kidole, kumbukumbu ya megabaiti 256 na betri isiyodumu. Toleo la pili lililofuata mwaka 2012 lilirekebisha kasoro kadhaa, ila imani ya watu ilikuwa imekwisha kupungua.

Mifano hiyo mitatu inafundisha jambo moja. Kenya na Peru hazikununua vifaa vibovu, na India haikununua vya ghali. Zote zilinunua kifaa kabla ya kununua mazingira yatakayokifanya kifae.

Hesabu ya jua

Mazingira hayo yanaweza kuwekwa katika hesabu. Betri ya kishikwambi cha kawaida, yenye miliampa-saa 7,000, hubeba nishati ya takriban wati-saa 26, na pamoja na upotevu wakati wa kuchaji huhitaji kama 30. Paneli ya jua ya wati 20, ikipata saa tano za jua kali, huzalisha kinadharia wati-saa 100. Baada ya upotevu kwenye nyaya, betri na joto, hubaki kama 60. Hivyo paneli moja ya aina hiyo inatosha vishikwambi viwili kwa siku ya jua. Darasa lenye vishikwambi kumi linahitaji paneli ya wati 100 pamoja na betri ya kuhifadhia, na bado katika siku za mawingu ya masika vitachajiwa kwa zamu.

Hali hii ina kinaya chake. Mto uleule unaoilisha Delta ndio unaozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuingiza umeme katika gridi ya Taifa Februari 2024. Lakini nguzo za umeme huvuka barabara kwa wepesi kuliko zinavyovuka mikono ya mto na tope la mikoko. Kwa visiwa vilivyo mbali na bara, paneli ndiyo njia ya karibu.

Intaneti ina hesabu yake. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia saini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 vijijini nchini kote. Hatua hiyo ni njema, lakini mnara ukifika, kifurushi bado hulipiwa. Kifaa ambacho masomo yake yote yako mtandaoni humlipisha mwanafunzi kila anapokifungua, wakati kile kilichojazwa masomo kikiwa Kibiti mjini kabla ya kupandishwa mtumbwini humlipisha mara moja tu.

Hesabu ya fedha

Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo, shilingi 6,000 zilipelekwa shuleni na 4,000 zilibaki kwa ununuzi wa vitabu. Ikichukuliwa kwa mfano bei ya shilingi 300,000, kishikwambi kimoja ni sawa na ruzuku nzima ya watoto 30, au fedha za uendeshaji za watoto 50. Kwa kipimo hicho, hakuna mwalimu mkuu wa Delta anayeweza kununua kwa kubahatisha.

Kwa familia uzito ni uleule. Kipato cha Delta hufuata msimu, ama wa kamba, ama wa mavuno ya mpunga, ama wa korosho kwa walio nchi kavu. Fedha iliyonunua kifaa kinachozima baada ya miezi sita haipatikani tena hadi msimu mwingine, na msimu mwingine huenda ukawa wa mafuriko.

Hapa ndipo wapinzani wa vishikwambi wanapopata nguvu. Wanasema fedha hizo zingenunua madawati, vitabu na nyumba ya mwalimu, na kwamba mwalimu anayekaa kisiwani ana faida kuliko vifaa mia. Wanaongeza kuwa simu ya kisasa ambayo tayari iko mfukoni mwa mzazi inaweza kusoma kitabu kilekile. Hoja hizo hazipaswi kupuuzwa. Shule isiyo na mwalimu wa kutosha haiponywi na kifaa, na mzazi mwenye simu yenye kioo kikubwa hana haraka ya kununua kitu cha pili.

Lakini hoja hizo zina kikomo. Simu ya mzazi huondoka naye alfajiri kwenda uvuvini na hurudi usiku ikiwa imeisha chaji. Mwalimu aliye peke yake na madarasa mawili huweza kuliachia moja zoezi la kusoma kwenye vishikwambi huku akifundisha jingine. Na nyumba ya mwalimu, hata ikijengwa leo, haimpi mwalimu huyo kitabu cha mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024.

Upya una thamani gani?

Swali lililobaki ni la kifaa kilichozinduliwa karibuni. Faida halisi ya toleo jipya ni moja: litaendelea kupokea masasisho ya usalama kwa miaka mingi zaidi, hivyo programu hazitakikataa mapema. Kasi ya kichakato, ung'avu wa kioo na kamera havimsaidii sana mtoto anayejifunza silabi, wala mwalimu anayesoma mwongozo.

Mnunuzi wa Delta anapaswa kuuliza mambo mengine. Kifaa kiwe na gigabaiti 64 za kuhifadhia au zaidi, kwa maana katika kile cha gigabaiti 32 mfumo wenyewe humeza sehemu kubwa. Kiwe na nafasi ya kadi ya kumbukumbu, ili masomo yahamishwe kwa mkono bila intaneti. Kiwe cha aina ambayo vioo na betri zake zinapatikana Kariakoo kwa wingi, jambo ambalo mara nyingi hukipa ushindi kile cha mwaka jana au mwaka juzi. Na kiwe na ganda la mpira la kukikinga na maji na mchanga, ambalo bei yake ni ndogo lakini mara nyingi husahaulika.

Kwa vigezo hivyo, kishikwambi kilichozinduliwa mwezi huu, ambacho vipuri vyake havijafika sokoni na bei yake haijashuka, ndicho kisichofaa kupelekwa Delta. Kinachofaa ni kile kilichokwisha zoeleka kwa mafundi.

Nani anunue nini

Kwa familia yenye mwanafunzi kisiwani, mpangilio wa busara ni kuanza na paneli na taa. Hata kishikwambi kisipofuata, mtoto atakuwa amepata nuru ya kusomea usiku. Kishikwambi kije baadaye, kikiwa kimejazwa vitabu na masomo ya Kiswahili, na kiwe cha watoto wote wa nyumba.

Kwa shule na halmashauri, kifaa kimoja kwa kila mtoto si lengo la kukimbiliwa. Vishikwambi kumi vinavyotumika kwa zamu, vyenye kituo cha chaji, sanduku lisiloingia maji na mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye mwenye dhamana, vina faida kuliko mia vilivyogawiwa kwa sherehe. Bajeti yoyote isiyotaja paneli, mafunzo na matengenezo irudishwe mezani kabla ya kupitishwa.

Walimu waliopokea vifaa vya mwaka 2022 nao wanastahili ufuatiliaji. Betri za vifaa vya aina hiyo huanza kuchoka baada ya miaka mitatu au minne ya matumizi, na kubadilisha betri ni nafuu mno kuliko kununua kifaa kingine. Orodha ya vinavyofanya kazi na vilivyozima, ikikusanywa kata kwa kata, ingewapa Kibiti na wilaya nyingine msingi wa uamuzi ambao hakuna tangazo la biashara linaloweza kuutoa.

Kwa hiyo jibu kwa ndugu aliyeko Mbagala, mwenye fedha mkononi na ombi kutoka kisiwani, si hapana. Aulize kwanza kama nyumbani kuna paneli. Kama haipo, fedha hiyo inunue paneli, na kishikwambi kisubiri msimu ujao, ambapo kile kinachoitwa kipya leo kitakuwa kimeshuka bei na mafundi watakuwa wamekizoea.